Waya Umekatika au Swichi Imezimwa? Mada kwa Vijana wa Mbulumbulu

Hii ni mada iliyotolewa kwenye kikao cha ndani cha vijana wa Kata ya Mbulumbulu, Karatu, mwezi Agosti 2024. Tumeiacha na lugha yake ya kikaoni. Isome, halafu msimulie na mwenzako asiye na bando.



Mwenyekiti alinipigia akasema, "Kamanda, wewe kila siku uko kwenye habari za simu na intaneti, njoo utuchambulie vijana zinazovuma." Nikakubali harakaharaka. Nilipokata simu ndiyo nikakumbuka kwamba kabla sijachambua habari za wengine, nina habari yangu mwenyewe ya kukiri hapa mbele yenu. Naanza na hiyo.

Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka huu? Mtandao ulikata. WhatsApp haiendi, Instagram inazunguka tu, YouTube ndiyo usiseme. Meseji za kawaida zinaenda, kupiga simu unapiga, lakini data hakuna. Mimi nikakaa na simu mkononi, nikapandwa na hasira. Kichwani nikawa na jibu tayari: wamezima. Nikaandika, "Makamanda, wameshaanza kuzima mtandao! Wanaogopa nguvu ya umma! Sambaza." Nikasubiri mshale uzunguke wee, mpaka mtandao uliporudi kidogo ujumbe ukapenya. Ukaenda kwenye magrupu sita. Nikalala najiona shujaa.

Kesho yake dada mmoja fundi simu akanijibu kwa mstari mmoja tu: "Kaka, na Malawi nao wamezimiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa amesikiliza redio. Msumbiji walikuwa na shida ileile. Malawi vivyo hivyo. Kenya walikuwa wanalalamika. Ukweli ni kwamba mikongo miwili iliyo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika upande wa Afrika Kusini. Hata Ubalozi wa Marekani pale Dar es Salaam ulifunga milango kwa umma siku mbili kwa sababu ya mtandao mbovu. Sasa niambieni, nani anamzimia Mmarekani bando ili kuwadhibiti vijana wa Karatu? (Kicheko.)

Cheka, lakini ngoja nikwambie ilivyonigharimu. Kwenye moja ya yale magrupu kuna mzee wangu mmoja mkulima, anaingia pale kuangalia bei ya mahindi na maharage. Alisoma ujumbe wangu, akawasimulia wenzake. Halafu ikaja hii Agosti. Mnajua yaliyotokea Mbeya tarehe 11 na 12, vijana wetu waliokuwa wanakwenda kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani. Polisi wenyewe walitaja watu 520 waliokamatwa, na viongozi wetu wakuu wakiwemo. Nikamfuata yule mzee kumpa habari. Akaniangalia, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, na hii nayo ni kama ile ya waya?"

Makamanda, nilitamani ardhi ipasuke. Habari ya Mbeya ilikuwa kweli tupu. Lakini mimi nilikuwa nimeshatumia imani yake mwezi Mei, kwa jambo ambalo halikuwa kweli. Nikamkuta Agosti sina akiba.

Kwa hiyo mada yangu ya leo ni hiyo tu. Waya ukikatika, tuseme waya. Swichi ikizimwa, tuseme swichi. Na tujifunze kutofautisha.

Tuanze na huo waya wenyewe, maana wengi wetu tunadhani intaneti iko angani kwa sababu mnara uko juu. Simu yako inaongea na mnara, hapo ni hewani kweli. Lakini kutoka kwenye mnara safari kubwa ni ya nyaya. Data inapita kwenye mikongo ya nchi kavu mpaka Dar es Salaam, halafu inaingia baharini. Mkongo wa baharini unapopita kwenye kina kirefu unene wake ni kama bomba la kumwagilia bustani. Ndani yake kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga ndio unaobeba picha zako, sauti zako na ile video ya mkutano.

Ukiwa Kambi ya Simba ukamtumia WhatsApp mtu aliyeko Upper Kitete, hapo jirani kabisa, msidhani ujumbe unakatiza shamba. Unapitia kwenye kompyuta za kampuni huko ng'ambo, ndipo urudi kwa jirani yako.

Seacom ulizinduliwa mwaka 2009, EASSy ukaanza kazi 2010, na yote miwili inatia nanga Dar es Salaam. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Sasa angalieni bahati mbaya ya mwaka huu. Mwezi Februari, kule Bahari ya Shamu, meli ya Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Ikaelea hovyo huku nanga imeshuka, na mikongo kadhaa ikakatika, Seacom ukiwemo. Inaaminika ni ile nanga iliyoiburuta. Kwa maana hiyo njia ya kaskazini ilishaumia. Mei ikakatika njia ya kusini. Ni kama barabara ya kutoka hapa kwenda Karatu mjini imekatwa na mvua wakati ile ya mzunguko nayo ina daraja lililoanguka. Hakuna aliyekufungia geti. Njia ndiyo hakuna.

Serikali nayo isijisikie imepona hapo. Kuna swali halali kabisa la kuwauliza: kwa nini nchi yenye bandari, yenye mikongo inayotia nanga hapohapo, ikose njia za akiba za kutosha mpaka iwe miongoni mwa zilizoumia zaidi? Hilo ni swali la sera, la bajeti na la mipango. Ukiuliza hilo, waziri anatakiwa ajibu. Ukisema "mmezima", anakuonyesha ramani ya bahari, anakucheka, na swali lako zuri linazama na waya.

Sasa tuje kwenye swichi. Swichi ipo, makamanda. Mimi sikuja hapa kuwatetea.

Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, Twitter na WhatsApp zilianza kugoma nchini. Na kabla ya hapo TCRA ilikuwa imeziagiza kampuni za simu zisitishe meseji za jumla na simu za jumla kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 11 Novemba. Hesabu mwenyewe: uchaguzi ulikuwa tarehe 28, upo ndani kabisa ya hizo siku. Twitter yenyewe ilisema hadharani kwamba inaona inazuiwa na kupunguzwa kasi Tanzania. Wanaopima mitandao duniani, kama NetBlocks, walirekodi. Na kila aliyekuwa na VPN aliona kwa macho yake: ukiwasha, Twitter inafunguka, ukizima, imekufa. Waya ungekuwa umekatika, VPN ingekusaidia nini? VPN haiungi waya uliokatika baharini. VPN inakuzungusha tu pale palipowekwa geti. Ikisaidia, ujue kuna geti.

Jirani zetu Uganda ndiyo walikula kavu zaidi. Januari 2021 mtandao ulizimwa nchi nzima kuanzia mkesha wa uchaguzi, karibu siku tano. Na Facebook wameifungia tangu wakati ule mpaka leo tunavyoongea. Huko hakuna aliyesingizia papa kutafuna waya.

Nimejitengenezea maswali manne. Mwezi Mei ningejiuliza hata moja tu, yule mzee angeniamini Agosti. Yachukueni.

La kwanza: ni sisi tu, au na majirani? Mpigie simu ndugu yako aliyeko Nairobi, mtu wako aliyeko Blantyre, sikiliza redio. Nchi tano zikiumia siku moja, saa moja, fikiria bahari kwanza. Ikiwa mpaka wa Namanga ndio mwisho wa tatizo, fikiria ofisi ya mtu.

La pili: ni kila kitu, au ni vitu fulani? Waya hauchagui. Waya haujui Twitter ni nini na mpira ni nini. Ukiona mtandao wa kubeti unafunguka vizuri lakini pale wananchi wanaposemea pamefungwa, hapo kuna mkono wa mtu.

La tatu: VPN inasaidia? Hili nimeshalieleza. Lakini mjue na upande wa sheria. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kwamba anayetumia VPN ajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kila mtu apime mwenyewe, asije akasema sikumwambia.

La nne: nani mwingine amesema, ambaye hana faida kwa kusema? Kampuni yenye waya, kampuni pinzani wake, wapimaji wa nje, redio ya nchi nyingine. Grupu letu likisema, na grupu letu la pili likisema kwa sababu lilifowadiwa kutoka la kwanza, huyo ni shahidi mmoja amevaa mashati mawili.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu Kenya, Mwenyekiti, naona mikono. Vijana wa Kenya walichofanya Juni hii kimetuamsha wote. Muswada wa Fedha wa 2024 wameuchambua TikTok, wameufafanua kwa lugha za makwao, wametengeneza hata programu za akili bandia za kuuliza kifungu kwa kifungu, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akakataa kuusaini. Hiyo ni teknolojia iliyotumika kusoma sheria, na sisi tungetakiwa kuiga hilo kabla ya kuiga kingine chochote.

Lakini angalieni tarehe 25 Juni, siku ile waliyoingia bungeni. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilisema haina mpango wa kuzima mtandao. Kesho yake, maandamano yamepamba moto, mtandao ukashuka vibaya. Safaricom wakasema ni hitilafu kwenye mikongo miwili ya baharini. Nani aliamini? Watu wengi hawakuamini kabisa, wakauliza mbona waya unajua ratiba ya maandamano.

Jiulizeni maswali manne hapo. Majirani? Ndiyo, Uganda na Burundi nao walionekana kuyumba, lakini wao wanapata sehemu ya mtandao wao kupitia Kenya, kwa hiyo jibu hilo peke yake halimalizi kesi. Wakati? Wakati unatia shaka sana. Basi kamanda mwenye akili anasema hivi: "Tunataka maelezo, mtuonyeshe waya ulikatika wapi na ulitengenezwa lini." Hilo ni dai, na dai lina nguvu. Kupiga kelele "wamezima" kabla hujashika kitu ni kamari.

Na hapo kuna fundisho kubwa zaidi kwa upande wa wakubwa. Ukizima mara moja, siku waya ukikatika kweli hakuna atakayekuamini. Mimi mwezi Mei nilidanganya watu bila kujua, lakini mbona walikubali haraka vile? Kwa sababu ya 2020! Walishaumwa na nyoka, wakiona kamba wanaruka. Serikali ndiyo iliyopanda mbegu ile. Lakini sisi tunaotaka kuongoza nchi hii hatuwezi kujitetea kwa kusema na wao ni waongo. Tunawaomba wananchi watuamini sisi badala yao. Sasa tukifanana nao, wana sababu gani ya kubadilisha?

Halafu kuna suala la usalama wenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamlenga anayechapisha habari anayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma. Faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote pamoja. Kifungu kile tumekipinga na tutaendelea kukipinga, kwa sababu mwenye mamlaka ndiye anayeamua uongo ni upi. Lakini wewe uko Kitete, una pikipiki ya mkopo na mama anakutegemea. Kwa nini uwape kamba bure kwa ujumbe ulioufowadi bila kuusoma mpaka mwisho?

Sasa nije nyumbani, nimalizie. Tarehe 27 Novemba ni uchaguzi wa serikali za mitaa. Kijiji, vitongoji, hayo ndiyo maisha yetu: mgao wa ardhi, mapato na matumizi, barua ya utambulisho unayonyimwa kwa sababu ya shati ulilovaa. Karatu si jimbo la kuambiwa upinzani ni nini. Kuanzia 1995 mpaka 2020 jimbo hili lilikuwa na mbunge wa Chadema, miaka 25 mfululizo, na kipindi kirefu cha hiyo miaka wapiga kura wetu hawakuwa hata na simu, sembuse bando.

Lakini 2019 nini kilitokea? Uchaguzi wa mitaa wa mwaka ule wagombea wa upinzani walienguliwa kwa maelfu nchi nzima. Eti fomu imekosewa, eti jina limepungua herufi, eti ofisi imefungwa. Chama kikajitoa, na CCM ikatangaziwa ushindi wa zaidi ya asilimia 99. Nisikilizeni vizuri hapa: mwaka ule hakuna waya uliokatika na hakuna aliyehitaji kuzima Twitter. Walitumia karatasi, peni na kufuli la mlango wa ofisi.

Kwa hiyo ukiniuliza habari kubwa ya teknolojia kwa kijana wa Mbulumbulu mwaka huu ni ipi, sitakuambia akili bandia wala 5G. Nitakuambia kamera ya simu yako na mashine ya kutoa kopi pale mjini. Mgombea akichukua fomu, piga kopi kabla hajaandika. Akimaliza kujaza, watu wawili waikague herufi kwa herufi. Ipige picha kila ukurasa. Anapoirudisha aende na shahidi, na apate saini na muda wa kupokelewa. Picha ziwe kwenye simu mbili tofauti na kwenye kadi ya kumbukumbu, zisikae kwenye grupu pekee. Siku ya kura, matokeo yakibandikwa, piga picha, na uyaandike kwenye daftari kwa mkono. Kisha wawepo vijana wa bodaboda waliojipanga tangu mapema, kutoka Losetete, kutoka Slahamo, kila kitongoji na mtu wake. Tujipange kana kwamba mtandao hautakuwepo siku hiyo. Ukiwepo, itakuwa nyongeza.

Na msije mkasema hatuwezi. Kuna jambo la hapahapa ambalo wengi wenu mlikuwa wadogo. Mwaka 2006 wanafunzi wa Shule ya Sekondari Awet, hapo Kambi ya Simba, walizunguka kijiji chao na kamera ya dijitali na kinasa sauti. Wakapiga picha, wakahoji wazee, kina mama, walimu, wakaandika. Kikatoka kitabu, "In Our Village", kinachoonyesha kijiji kwa macho ya vijana wake, na kikasomwa hadi Marekani. Hawakuwa na bando wala WhatsApp. Walikuwa na kifaa kimoja, subira ya kuuliza, na uaminifu wa kuandika walichoambiwa. Kama wao waliweza kuiambia dunia habari za Mbulumbulu kwa namna hiyo, sisi wenye simu kila mfuko tunashindwaje kuleta picha ya karatasi moja ya matokeo?

Nilimrudia yule mzee wiki iliyopita. Nikamwambia, "Mzee wangu, ile ya mwezi Mei nilikosea. Ulikuwa ni waya kweli. Nilituma kabla sijauliza, naomba unisamehe." Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na magrupu mengine umewaambia?" Nikamwambia bado. Akasema, "Waambie kwanza, ndipo urudi unieleze ya Mbeya."

Nimewaambia, yote sita. Wengine walinicheka, mmoja alitoka kwenye grupu. Kesho asubuhi nakwenda kwa mzee.

Nguvu ya umma!